Mwezi Uliolala na Mwezi Uliosimama: Somo Juu ya Vitabu vya Elimu ya Nyota

Kwa ndugu zetu wa Mombasa, Lamu, Malindi, Tanga na Unguja: somo letu la mara hii latoka bara, katika mtaa wa Mukuru kwa Njenga, upande wa mashariki wa mji wa Nairobi. Mtaa huu uko Embakasi, baina ya viwanda na uwanja wa ndege. Nyumba zake nyingi ni za mabati, zimeshikana bega kwa bega, na mbingu huonekana kama utepe mwembamba baina ya mapaa. Usiku, zile taa za milingoti mirefu, ambazo wenyeji huziita mulika mwizi, huzifunika nyota nyingi kwa mwanga wake. Lau mtu angeulizwa ni mahali gani pasipofaa kusomeshea elimu ya nyota, huenda angeutaja mtaa huu kwanza. Lakini ni hapa tulipopata somo tutakalolieleza, nalo lawahusu watu wa pwani kama linavyotuhusu sisi.

Katika darsa yetu ya watoto, isomwayo baina ya Magharibi na Isha, palikuwa na kitabu kimoja cha nyota kilichonunuliwa katika vitabu vya mitumba. Kilipigwa chapa Ulaya, kwa karatasi nzuri na rangi za kupendeza. Jioni moja mtoto wa kike wa miaka tisa alikishika kitabu hicho, akautazama sana ukurasa wa mwezi mchanga, kisha akauliza: “Ustadhi, mwezi wa kitabu umesimama kama mundu uliotundikwa ukutani. Mbona wetu umelala kama dau? Au wa kwetu umeanguka?”

Wenziwe walicheka. Mimi niliyekuwa mwalimu wao sikucheka, kwa kuwa sikuwa na jawabu.

Yapimeni, ndugu zangu, maneno ya mtoto huyu. Aliona kwa macho yake jambo moja, akasoma kitabuni jambo jingine. Na papo hapo akakata shauri kwamba kitabu ndicho kilicho sawa, na mbingu ya kwao ndiyo yenye kasoro. Hii ni hasara kubwa. Elimu ya nyota, kuliko elimu nyingi, huanza kwa jicho. Mtoto aliyefundishwa kulishuku jicho lake mwenyewe atakariri majina ya sayari zote, naye asiinue uso hata siku moja kuzitafuta.

Jawabu tulilipata baadaye, nalo ni jepesi. Mwezi hauna nuru yake. Huangazwa na jua, na upande wake ung'aao ni ule unaolielekea jua. Hapa kwetu, karibu na ikweta, jua huzama kwa kushuka wima, kama jiwe litupwalo kisimani. Likisha kuzama, linakuwa chini ya mwezi mchanga. Basi sehemu ya chini ya mwezi ndiyo ing'aayo, nao huonekana umelala kama dau. Lakini London, mji ulio nyuzi 51 kaskazini ya ikweta, jua hushuka kwa kwenda mshazari, likawa ubavuni mwa mwezi. Kwa hiyo mwezi wa huko huonekana umesimama. Wala dau letu halikai sawasawa kila mwezi. Huinama kidogo upande huu au ule kwa kadiri ya majira. Mwezi ni mmoja, na watazamaji wamesimama mahali mbalimbali. Mchoraji wa Ulaya hakusema uongo. Alichora alichokiona mlangoni pake. Kosa ni letu sisi tuliokichukua kitabu chake tukakisomesha mlangoni petu pasipo kuongeza neno.

Wazee wa elimu hii waliijua hatari hiyo zamani. Abdul-Rahman al-Sufi, aliyeishi baina ya mwaka wa 903 na 986 Miladi, alitunga kitabu cha makundi ya nyota yapata mwaka wa 964. Kila kundi alilichora mara mbili: mara moja kama lionekanavyo na mtu aliyesimama juu ya ardhi, na mara ya pili kama lilivyo juu ya tufe la mbingu, ambalo mwenye kulitazama ni kama aliye nje ya mbingu. Alijua kwamba picha moja ingempoteza msomaji. Katika kitabu hicho alitaja pia wingu dogo ambalo leo twajua kuwa ni kundi kubwa mno la nyota, liitwalo Andromeda, ambalo nuru yake husafiri miaka milioni 2.5 kabla ya kutufikia.

Na msidhani kwamba vitabu vyepesi vya nyota, vya kusomwa na kila mtu, ni uzushi wa siku hizi. Mwaka wa 1029 Abu Rayhan al-Biruni alimwandikia mwanamke mmoja, Rayhana binti al-Hasan, kitabu cha kumwingiza katika elimu hii kwa njia ya maswali na majawabu. Alianza kwa maana ya nukta na mstari, akapanda ngazi kwa ngazi mpaka habari za nchi, mwezi na sayari. Sehemu ya mwisho ya kitabu hicho yahusu utabiri wa nyota, nasi hatulazimiki kuifuata. Lakini tazameni adabu yake. Mwanachuoni mkubwa wa zama zake hakuona haya kuyajibu maswali ya mwanzo kabisa. Yule mtoto wa Mukuru aliuliza swali la namna hiyo hiyo, naye alistahiki jawabu la namna hiyo.

Basi mzazi au mwalimu atakaye kununua kitabu cha nyota, kwa mtoto au kwa nafsi yake, na akitazame kwa alama nne.

Alama ya kwanza ni mbingu ya msomaji. Vitabu vingi vya Ulaya humwambia aliyepotea njia aitafute Nyota ya Kaskazini. Shauri hili ni jema kwa mtu wa London. Lakini Nairobi iko zaidi ya nyuzi moja kusini ya ikweta, na Mombasa nyuzi nne, kwa hiyo kwetu nyota hiyo iko chini ya upeo wa macho. Manahodha wetu waliokwenda Arabuni kwa upepo wa kusi waliijua vyema. Waliiona ikizuka walipoivuka ikweta, ikapanda kila walipozidi kwenda kaskazini, hata wakifika Maskati imesimama kiasi cha nyuzi 23. Walikipima kimo chake kwa vidole, wakajua wamefika wapi. Kitabu chetu chapasa kuanza na nyota zipitazo juu ya mapaa yetu: Jabari, ambaye jioni za Januari na Februari huwa karibu na utosi, Salibu ya Kusini, ionekanayo upande wa kusi jioni za Mei, na Kilimia, ambacho wakulima walipangia kazi zao. Wazee walisema kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Kuzama kwake huko ni kwa kuwa mwezi wa Mei jua hupita upande wake wa mbingu na kukificha kwa mwanga wake; mwezi wa Juni huonekana tena alfajiri. Na mtoto aambiwe fadhila ya mahali petu: mtu wa ikweta, mwaka ukizunguka, huweza kuziona karibu nyota zote za kaskazini na za kusini, hali mtu wa London ataishi na kufa asiione Salibu ya Kusini mpaka asafiri.

Alama ya pili ni majina. Sayari tano zionekanazo kwa macho matupu zina majina yake katika Kiswahili tangu zamani: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Lakini vimo vitabu viitwavyo vya Kiswahili ambavyo Utaridi huitwa Zebaki. Zebaki ni ile madini ya maji iliyomo katika vipimajoto. Kwa Kiingereza sayari na madini hiyo zina jina moja, na mfasiri aliyefungua kamusi bila kumwuliza mzee yeyote wa pwani akachukua jina lisilo lake. Kwa upande mwingine, Wazungu wenyewe wameyahifadhi majina ya Kiarabu ambayo sisi tumeyasahau. Aldebaran maana yake ni mwenye kufuata, kwa kuwa nyota hiyo hukifuata Kilimia. Rigel ni mguu, nayo ni mguu wa Jabari. Fomalhaut ni kinywa cha samaki. Mtoto wa chuoni akielezwa haya huona kwamba ameingia nyumba ambayo baadhi ya vyumba vyake avijua. Na mlango wa majina haujafungwa: mwaka wa 2023 umoja wa wanafalaki wa dunia ulitangaza kwamba nyota iliyoandikwa kwa alama GJ 1214 na sayari yake zitaitwa Orkaria na Enaiposha, majina ya Kimaasai yaliyopelekwa kutoka Kenya.

Alama ya tatu ni tarehe ya kupigwa chapa. Vitabu vya mitumba ni rahisi, navyo vimetusaidia sana sisi wenye mikono mitupu. Lakini kitabu kinachosema kwamba sayari ni tisa kimepitwa na wakati, kwani mwaka wa 2006 wanafalaki waliitoa Pluto katika hesabu ya sayari kubwa, zikabaki nane. Kadhalika idadi ya miezi ya Zohali hubadilika kwa kadiri ya inayogunduliwa. Mwaka wa 2025 iliyothibitishwa ilifika 274. Hatusemi kitabu cha zamani kitupwe. Mwalimu na akifungue, aandike kwa kalamu pembeni ya ukurasa yaliyobadilika, na awaeleze watoto kwa nini yamebadilika. Mtoto atajifunza kwamba mwenye elimu hurudi nyuma akisahihisha, wala si aibu.

Alama ya nne, nayo ndiyo kubwa kwetu, ni makusudio ya kitabu. Palikuwa na mzee mmoja mtaani petu, fundi wa mabati, ambaye alipoona watoto wakisoma kitabu cha nyota alikasirika. Kwake yeye, kitabu cha nyota ni kile cha kupigia falaki: jina la mtu hujumlishwa na jina la mamake kwa hesabu ya herufi, kikatolewa kiasi cha buruji kumi na mbili, kisha akaambiwa nyota yake ni fulani, asisafiri Jumatano, asioe nyumba fulani. Vitabu hivyo, hasa kile kinasibishwacho kwa Abu Maashari, vimeenea pwani yetu tangu zamani. Mzee hakukosa kuvichukia. Alikosa kwa kutotenga. Elimu ya falaki hupima mwendo wa nyota, na hesabu yake yeyote aweza kuihakikisha kwa macho. Upigaji wa ramli hudai kujua ya ghaibu, na hukumu yake haihakikishwi na mtu. Alama ya kuvitenga ni hii: kitabu cha elimu humwambia msomaji, “Toka nje utazame”; kitabu cha ramli humwambia, “Lipa uogope.”

Alipokufa Ibrahim, mwana wa Mtume wetu (s.a.w.), jua lilipatwa, na watu wakadhani limepatwa kwa msiba ule. Mtume, naye katika huzuni ya kufiwa, hakuwaacha na dhana hiyo. Aliwafundisha kwamba jua na mwezi havipatwi kwa ajili ya kufa kwa mtu wala kuishi kwake. Je, sisi tumwache mtoto wetu na hofu ambayo Mtume aliikataza hata siku ya msiba wake?

Ama kitabu cha watu wazima, hicho nacho kisijae tarakimu tupu. Kumwambia mtu kwamba jua liko mbali kilomita milioni 150 ni kumpa neno la kusahau. Mwambieni hivi: lifanye jua kuwa chungwa kubwa lenye upana wa sentimita 10, uliweke Mombasa. Dunia yetu itakuwa chembe ya mchanga, umbali wa mita 11 hivi. Na nyota iliyo jirani yetu kuliko zote iko wapi? Kwa kipimo hicho itakuwa umbali wa kilomita 2,900: yaani utoke Mombasa, uvuke Habasha na Bahari ya Sham, ufike Makka na kupita kidogo. Baina ya machungwa mawili hayo ni uwazi mtupu. Mtu akilifahamu hilo mara moja halimtoki.

Mama wa yule mtoto, ambaye hufua nguo za watu kwa ujira wa siku, alituuliza swali zito kuliko la mwanawe. Alisema: “Mwalimu, mimi sipingi. Lakini nyota zitamlisha?” Hatukumdanganya. Tulimwambia kwamba kitabu kimoja hakimtoi mtu katika umaskini. Lakini tulimwomba aje darsani tarehe 28 Mei mchana, kabla ya kusali Adhuhuri, atazame kazi ya mwanawe.

Siku hiyo, na tena tarehe 15 au 16 Julai, jua hupita juu kabisa ya Makka. Mwezi wa Mei hupita saa sita na dakika 18 mchana, tarehe 27 au 28, na Julai saa sita na dakika 27. Na saa za Makka na za Kenya ni sawasawa. Wakati huo, popote jua lionekanapo, mwenye kulielekea ameielekea Kaaba. Watoto walisimamisha fimbo nyoofu uwanjani, na yule mzee fundi wa mabati, ambaye tulimwita kwa hila njema, ndiye aliyeishika na kuipima kwa timazi ili isimame wima. Saa ilipofika walipiga mstari juu ya kivuli, wakauvuta mpaka ndani ya chumba chetu cha kusalia. Ilionekana kwamba safu zetu, ambazo tulizipanga kwa kufuata ukuta wa mabati, zilikuwa zimepinda kuelekea kulia zaidi ya ilivyopasa. Hatukusema kwamba sala zilizopita zimeharibika; mwenye kujitahidi ana ujira wake. Lakini tuliigeuza mikeka, na aliyetuonyesha ni mtoto wa miaka tisa mwenye fimbo na kitabu cha mitumba. Mamake hakusema neno. Alishika upande mmoja wa mkeka, tukaugeuza pamoja. Na mzee tangu siku hiyo huuliza, “Leo mwasoma ukurasa gani?”

Ninyi wa Mombasa jambo hili ni jepesi zaidi, kwa kuwa Makka iko karibu sawasawa kaskazini yenu. Sisi wa Nairobi hupinda kiasi cha nyuzi saba kuelekea mashariki. Na yapata tarehe 10 Machi na tarehe 3 Oktoba jua hupita utosini mwenu, na nguzo iliyosimama wima hukosa kivuli wakati wa jua kupinduka. Watoeni watoto nje wakashuhudie.

Na mtoto akisema kwamba mambo haya ni ya watu wa mbali, mwambieni habari ya tarehe 12 Desemba 1970. Siku hiyo, kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco lililokuwa baharini karibu na Malindi, kilirushwa chombo cha Kimarekani cha kuchunguza miali ya eksirei itokayo mbinguni, chombo cha kwanza duniani kilichoundwa kwa kazi hiyo peke yake. Kwa kuwa ilikuwa siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, kiliitwa Uhuru. Kwa chombo hicho wanafalaki walipata orodha ya vyanzo 339 vya miali hiyo. Neno la Kiswahili limo katika vitabu vya elimu hii duniani kote; ni wajibu limo pia katika vitabu vya watoto wa Kiswahili.

Tuna jambo la kuwaomba. Huko kwenu wangaliko wazee waliosafiri kwa majahazi, ambao wajua nyota gani hufuatwa na zipi huzuka na kusi au kaskazi, na namna ya kuhesabu mwaka kwa miongo tangu Nairuzi. Wakiondoka hawa pasipo kuandikwa, hakuna kitabu cha mitumba kitakachoturudishia elimu yao. Kaeni nao, andikeni jina la kila nyota, na wakati wake, na kazi yake. Mwenye kuchora na achore mbingu ya Mombasa ilivyo, si ya London. Hayo yakikusanywa pamoja na hesabu za leo, kitapatikana kitabu kidogo cha Kiswahili safi, cha kusomwa na mtoto na mzazi wake katika taa moja.

Na wakati ni huu. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa lote katika Makka kwa muda wa dakika tano hivi, na huku kwetu litapatwa sehemu yake. Wapiga ramli hawatakosa la kusema siku hiyo. Afadhali watoto wetu wawe wamekwisha kulijua sababu yake, na kujua pia kwamba jua halitazamwi kwa macho matupu hata likipatwa.

Ama kitabu chetu cha Mukuru kwa Njenga, kingalipo, na jalada lake limeshonwa kwa uzi. Juma lililopita nilikifungua ukurasa wa mwezi nikakuta pana picha mbili. Chini ya ule mwezi uliosimama, mkono wa mtoto umechora kwa penseli mwezi mwingine, umelala kama dau, na pembeni pameandikwa: “Huu ni wa kwetu.” Sikuufuta.